Jina kwenye kengele ya mlango

Jumapili usiku, Oktoba

Jana mpeleka barua alitumbukiza kwenye sanduku letu barua isiyo yetu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka zamu, miguu inawaka moto, lakini barua ya mtu si kitu cha kulala nacho, nikatoka kuipeleka jengo la pili. Huku Ujerumani milango ya nyumba za ghorofa kwa kawaida haina namba. Pembeni mwa lango kuu kuna safu za vitufe vya kengele, na kando ya kila kitufe jina la ukoo la anayekaa humo. Hilo jina ndilo anwani. Asiye na jina langoni hapati barua. Basi nikawa napitisha kidole: Müller, Schmid, Yılmaz, Haug, Müller mwingine. Safu ya tatu kidole kikagota.

Rebmann.

Barua haikuwa yake. Nilibonyeza kengele niliyotakiwa kubonyeza, nikakabidhi barua, nikashukuriwa, kisha nikarudi palepale langoni kulisoma tena lile jina. Miaka sita niko nchi hii, karibu na Stuttgart, na sikuwahi kuliona kwa mtu aliye hai. Kwangu mimi lilikuwa jina la marehemu mmoja tu.

Nimezaliwa Rabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Mtoto wa Rabai analijua jina la Rebmann kabla hajajua Ujerumani ni wapi, kwa sababu nyumba aliyokaa ipo hadi leo karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo, na safari za shule ziliishia pale. Tuliambiwa mmisionari Johannes Rebmann alifika mwaka 1846 kumfuata mwenzake Ludwig Krapf, kwamba tarehe 11 Mei 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro, na kwamba aliishi kwetu miaka 29, hadi macho yakazima. Mama yangu hulitamka Rebumani, kama jina la jirani. Sikuwahi kujiuliza jina hilo maana yake nini. Jina la Mzungu lilikuwa sauti tu, kama mlio wa kengele ya shule.

Usiku wa jana sikulala mapema. Nikaanza kulichambua.

Rebe kwa Kijerumani ni mzabibu. Mann ni mtu. Rebmann ni mtu wa mizabibu, anayeipogoa, anayeifunga kwenye miti yake, anayepanda mteremko na kikapu mgongoni. Ni jina la kazi, kama yalivyo Müller wa kinu cha kusagia nafaka, Schmidt mhunzi, Schneider fundi cherehani, Fischer mvuvi na Weber mfuma nguo. Majina hayo matano ni miongoni mwa yaliyoenea kuliko yote Ujerumani. Sasa hapo ndipo nilipokwama. Mizabibu imejaa kusini magharibi yote, kuanzia bonde la Rhine mpaka mto Neckar ninaouvuka kwenda kazini. Watu waliokula jasho la zabibu karne baada ya karne walikuwa wengi kupindukia. Mbona basi Müller wako kila lango, na Rebmann nimemwona mmoja kwa miaka sita?

Wapo watu waliofanya kazi ya kuyahesabu majina haya. Watafiti wa vyuo vikuu vya Freiburg na Mainz walichukua orodha za simu za mezani za mwaka 2005, wakati karibu kila nyumba bado ilikuwa na simu yenye waya na jina kitabuni, wakachora ramani ya kila jina lilipo. Hesabu ya namna hiyo haihesabu watu, inahesabu simu, na nyuma ya simu moja huenda kuna baba, mama na watoto wanne, au ajuza mmoja na paka wake. Lakini ramani inasema kweli kuhusu mahali. Wajerumani wengi hawakuhama mbali, na majina yao yalibaki yamezunguka pale yalipozaliwa, kama maembe yaliyoanguka chini ya mwembe wake. Majina ya ukoo Ujerumani ni mamia ya maelfu, na mengi kati yake yamebebwa na watu wachache mno. Rebmann halimo katika hao wachache mno. Lina watu wake, ila limekaa upande mmoja wa nchi, kusini magharibi, na Uswisi. Ukienda Hamburg unaweza kuzeeka bila kulisikia.

Leo asubuhi nilimuuliza bibi mmoja ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee. Ana miaka 91, baba yake alikuwa na mizabibu. Nilikuwa namvalisha soksi. Nikamwambia, "Bibi, baba yako basi alikuwa Rebmann." Akanitazama kama nimemtukana.

"Baba yangu alikuwa Wengerter," akasema. "Rebmann ni maneno ya watu wa kule, wa Baden na Waswisi."

Jibu lote lilikuwa humo, ndani ya soksi za bibi. Kazi ilikuwa moja, lakini kila pembe iliipa neno lake. Hapa Württemberg mtu wa mizabibu ni Weingärtner, na kwa lafudhi ya hapa ndiyo hiyo Wengerter. Kwenye Mosel na sehemu za Rhine ni Winzer, neno lililotoka Kilatini. Franken ni Häcker, kwa sababu wao waliitazama kazi kwa upande wa jembe. Austria ni Hauer, na Bavaria utakuta Weinzierl. Kila neno likaganda kuwa jina la ukoo kwa upande wake. Mhunzi ni Schmied karibu nchi nzima, basi akina Schmidt wakamwagika kote. Watu wa mizabibu waligawanywa na ndimi zao. Uchache wa Rebmann ni uchache wa neno, mikono ilikuwa mingi.

Na nadhani liko jambo la pili, hili nalisema kwa kuangalia kwetu. Jina la kazi hupewa mtu pale kazi yake inapomtofautisha. Kijiji kina kinu kimoja, kwa hiyo ukisema "yule wa kinuni" kila mtu anajua ni nani. Lakini kijiji ambacho kila nyumba ina mizabibu, kumwita mmoja mtu wa mizabibu si kumtambulisha. Rabai ni hivyohivyo. Minazi yote ile, wagema wote wale, na sijawahi kukutana na mtu anayeitwa Mgema.

Babu yangu alikuwa mgema. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu kadiri nilivyosoma kuhusu kazi ya Rebmann wa kale ndivyo nilivyozidi kumwona babu. Mpogoaji wa zamani wa mizabibu alitembea na kisu kifupi kilichopinda ncha kama mundu mdogo. Babu alikuwa na kotama, kifupi, kilichopinda, alikinoa kila alfajiri kabla ya kukanyaga vidato vya mnazi wa kwanza. Huyu alikata tawi la mzabibu ili utoe zabibu nzuri, yule alichanja karara ili litoe tembo la mnazi. Wote wawili kinywaji chao kilimeza maisha yao, na mteremko ama urefu wa mti ukawavunja magoti. Nilijikuta nimekaa kitandani saa saba usiku nikilia kidogo kwa ajili ya babu, miaka kumi na minne baada ya kumzika.

Baba yake Johannes, nimesoma, alikuwa mkulima mwenye mizabibu huko Gerlingen, ambako mtoto alizaliwa tarehe 16 Januari 1820. Gerlingen ni mwendo mfupi kutoka ninapokaa. Ni nadra kukuta mtu karne ya 19 ambaye jina lake la kazi bado linalingana na kazi ya nyumbani kwao. Akina Schneider wengi walikuwa wameshaacha sindano zamani. Na bado jirani zake hawakuitumia sauti ya jina hilo kwa kazi hiyo, wao walisema Wengerter. Jina lilikuwa limeshakuwa ganda, na kwa bahati kokwa bado ilikuwa ndani.

Lilifikaje upande huu wa Wengerter sijui kwa ukoo wake, ila njia za kawaida zinajulikana. Majina ya ukoo yalianza kushika mizizi katika miji ya kusini na magharibi kuanzia karne ya 12, yakachukua miaka mia kadhaa kukamilika vijijini. Baadaye Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, viliacha vijiji vya Württemberg vikiwa mahame, na Waswisi wengi walishuka kuja kulima ardhi iliyokosa watu. Walikuja na majina yao. Kule Basel watu wa mizabibu walikuwa na chama chao cha kazi, Rebleute, ambayo ndiyo Rebmann kwa wingi, na chama hicho kipo hadi sasa kwa jina hilohilo. Ni huko Basel kijana Johannes alikopelekwa kusomea umisionari. Najaribu kumwona akipita barabarani, akisoma ukutani wingi wa jina lake.

Kitu kingine kilichonigusa ni kalamu za makarani. Kabla ya ofisi za serikali, majina yaliandikwa na mapadri na wachungaji katika vitabu vya ubatizo, kila mmoja kwa sikio lake. Jina moja lingeweza kupoteza n ya mwisho mwaka huu na kuirudisha mwaka ujao. Mwanamke aliongezewa mkia, Rebmännin. Kisha ukaja usajili wa kiraia kwa nchi nzima, tarehe 1 Januari 1876, na tangu hapo tahajia zikaganda kama zilivyokutwa. Mwaka huohuo, tarehe 4 Oktoba, Johannes Rebmann alifariki Korntal, mji wa jirani na alikozaliwa. Alikuwa kipofu. Aliyemsindikiza kutoka Rabai hadi Ulaya, mwaka mmoja nyuma, alikuwa kijana wetu, Isaac Nyondo. Nikifika hapo huwa nasimama. Sisi tuliokuja huku kushika wazee mkono si wa kwanza.

Nami niliwahi kukaa mbele ya karani. Alipozaliwa binti yangu, nilitakiwa kutaja jina la ukoo. Kwetu mjukuu hupewa jina la babu, jina huondoka na kurudi, halipangi mstari. Mimi nilikuwa na jina la babu kama jina langu la tatu, Tsuma. Nikalitamka, na yule karani, kwa heshima zote, akaandika Zuma, kwa sababu kwa Kijerumani herufi z husomwa ts. Alisikia sawasawa kabisa. Nilimwonyesha pasipoti, akafuta, akaandika upya. Sikujua siku ile kwamba nimeona kwa macho yangu jinsi jina linavyoganda. Tsuma pwani ni wengi hawana idadi. Huku mjini, nimetazama malango mengi, ni kengele yetu peke yake. Kama watafiti wangechora ramani leo, jina la mgema wa Rabai lingekuwa nukta moja kando ya Neckar.

Jioni nilimpigia mama. Nikamsimulia yote, Rebe, Mann, kisu kilichopinda. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo Rebumani alikuwa wa ukoo wa wagema."

"Wa zabibu, mama."

"Mgema ni mgema, mwanangu. Na akaja kukaa katikati ya minazi asijue yuko kwa wenziwe?"

Sikuwa na jibu. Nilimweleza badala yake kuhusu theluji, kwamba Rebmann alipouona weupe ule juu ya mlima aliandika kuwa kiongozi wake wa safari aliuita "beredi" tu, baridi. Mwanajiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikataa katakata kwamba panaweza kuwa na barafu karibu na ikweta. Lakini mtu aliyekulia kwenye mteremko wa mizabibu anaijua theluji. Ameiona kila Januari juu ya matawi yaliyopogolewa. Nafikiri ndiyo maana hakuhitaji mtu wa kumthibitishia. Juu ya Kilimanjaro upo mto wa barafu unaoitwa kwa jina lake, na huo nao unakwisha, kwani kati ya 1912 na 2011 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake. Mama akasema tu, "Maskini," na sikujua kama amemhurumia mlima au mtu.

Binti yangu, ana miaka mitano, alikuwa anasikiliza. Akauliza Tsuma maana yake ni nini, kama Müller ni wa kinu. Nikamwambia ni jina la mtu aliyepanda minazi mirefu kila alfajiri na kisu kidogo kiunoni. Akataka kujua kisu kiko wapi. Kiko Rabai, kimechomekwa kwenye makuti ya jiko la mama, kama hakijaliwa na kutu. Desemba tukienda nitamwonyesha.

Karatasi ya jina letu langoni ilikuwa imefifia kwa mvua, herufi ya kwanza imekuwa doa. Tumekata nyingine sasa hivi, ameiandika yeye mwenyewe kwa wino mweusi, ulimi nje, herufi kubwa kubwa. Tumeshuka na slipa kwenda kuiweka.