Kusiriba sanamu ya udongo isipasuke

Sanamu ya udongo usiochomwa huharibiwa na mambo mawili kuliko yote: kiunzi kinachocheza, na udongo mnono uliokosa mchanga. Kwa kazi ya kwanza chagua mnyama aliyelala, tuseme mbuzi wa urefu wa mita moja. Aliyesimama hubebwa na miguu minne myembamba, na ndiyo huvunjika mwanzo.

Mlaze juu ya mawe yaliyoinuka angalau sentimita 20, barazani au chini ya paa. Unyevu wa ardhini hupanda, na masika huosha udongo hata uwe umesiribwa vizuri namna gani.

Fito za kiunzi ziwe kavu, unene wa kidole gumba. Fito mbichi husinyaa zikiwa ndani, na ufa hutokea juu ukifuata mstari uleule wa fito. Zifunge kwa kamba ya katani au usumba, kisha zitikise: kiungo kikicheza, kaza upya. Jaza tumbo kwa mafungu ya nyasi kavu au mabua ya mahindi. Kila fito iliyo wazi izungushie kamba, kwani udongo haushiki mti laini, halafu paka rojo ya udongo kote kwa mikono.

Udongo wa kichuguu kilichohamwa na mchwa unanata vizuri, lakini upime. Finyanga vitumbua vitatu: udongo peke yake, udongo 1 kwa mchanga 1, na udongo 1 kwa mchanga 2. Vikaushe kivulini siku tatu. Kilichopasuka kinadai mchanga. Kinachomomonyoka ukikisugua kimezidiwa mchanga. Mara nyingi 1 kwa 2 hufaa, ila udongo mnono sana utataka hata 3. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni usipooshwa mara kadhaa kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi yake hutoka juu kama unga mweupe na kuimenya lipu.

Tabaka la kwanza lichanganye na nyasi zilizokatwa urefu wa kiganja, nyingi kiasi cha donge kugoma kukatika ukilivuta. Kandika unene usiozidi sentimita 3, ukisukuma kwa kisigino cha mkono. Likwaruze kwa kijiti lingali bichi, lifunike kwa gunia lenye unyevu siku ya kwanza, kisha liache kivulini. Jua na upepo hukausha ngozi kabla ya nyama, na ngozi ikisinyaa peke yake lazima ipasuke. Kabla ya tabaka linalofuata, nyunyizia maji. Bila hivyo la chini litanyonya maji ya la juu, na la juu litabanduka.

Lipu ya mwisho ni udongo uliochujwa kwa kipande cha chandarua, ndoo 1, mchanga laini ndoo 2, na samadi mbichi ya ng'ombe nusu ndoo, vilivyolazwa siku nne hadi saba. Harufu itakuwepo, ikikauka huisha. Paka milimita 3 tu, na ikianza kugoma alama ya kidole, isugue kwa jiwe laini la mtoni.

Usithubutu kuifunika kwa saruji. Saruji ni ngumu, haisogei pamoja na udongo, na hufungia unyevu ndani mpaka itoke vipande vipande.

Lipu iliyobaki ianike na uihifadhi pakavu. Ufa ukitokea, iloweke usiku kucha, upanue ufa kwa ncha ya kisu, uloweshe, uzibe: rangi italingana.