Tisa Iliyonuna

Mfungo Sita, mji umejaa wageni wa Maulidi, wazee wawili waliingia dukani kwangu, duka la sonara Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, kila mmoja na mkongojo wake. Wametumwa na wenzao waliosoma nao shule ya msingi: wanataka nishani 40 za kukumbuka kuanzishwa kwa shule yao. Za fedha zote, wakasema. Nikawapigia hesabu: gramu 20 kila moja, jumla gramu 800, na nyundo bado sijaishika. Kimya. Tukakubaliana 3 za fedha, kwa wanafunzi wa mwanzo waliobaki hai, na 37 za shaba.

Taabu ikawa mwaka. Mmoja anasema shule ilianza siku mwalimu alipokusanya watoto barazani kwa watu. Mwenziwe hataki: lile lilikuwa baraza, shule ni siku jengo la mawe lilipofunguliwa. Tofauti yenyewe miaka miwili! Miaka yenyewe siitaji hapa, ugomvi usije ukahamia kwangu. Kila mmoja alinivuta pembeni kwa zamu: "Mwanangu, andika nilokwambia mimi."

Nikafungua mtoto wa meza, nikawatolea reale, sarafu ya fedha ya zamani, aliyoniachia marehemu baba, ile yenye kichwa cha Maria Theresa, malkia aliyetawala Austria. Masonara wa pwani waliziyeyusha sana hizi kufulia bangili. Uzito wake gramu 28 na kitu, fedha tupu ni 23 na ushei. Nikawaambia, "Hebu someni mwaka." 1780, mwaka aliokufa malkia. Zilizopigwa miaka mia na zaidi baadaye nazo zimeandikwa 1780.

Mzee wa baraza akacheka mpaka akakohoa. Mzee wa jengo akavua miwani akaifuta, haikuwa na vumbi. Kesho yake akamtuma mjukuu: andika mwaka wa baraza, lakini jengo lichorwe upande wa pili.

Muhuri niliuchonga kwenye chuma cha springi ya lori. Lori Lamu utalipata wapi? Kilitoka Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa boti, ndani ya kikapu cha maembe. Kwenye muhuri kila kitu huchongwa kinyume, nami ile tisa ya mwaka niliichonga sawasawa, kama mtu aandikaye barua. Usiku huo umeme ulipotea, nikafanya kazi kwa tochi ya simu. Napasha shaba moto mpaka iwe nyekundu ilainike, naizima majini, naweka muhuri, napiga. Asubuhi nikakuta 3 zenye tisa iliyogeuka, imewapa wenzake mgongo kama mtoto aliyenuna. Kusugua chuma kile na kuchonga upya kulinila siku mbili.

Walipokuja kuchukua mzigo nilizificha zile mbovu chini ya kitambaa. Mzee wa jengo akaziona. Akaigeuza moja huku na huku, akaitia mfukoni.

"Hii ya mjukuu wangu," akasema. "Na yeye tisa yake huiandika hivi hivi."