Maziwa Yaliyoshika Chini

Jana usiku maziwa yalishika chini ya sufuria. Harufu ilipofika sebuleni, binti yangu akauliza mbona maji huchemka bila kushika, lakini maziwa hata ukigeuka tu yameungua. Kabla sijamjibu nikawa nimesharudi Industrial Area, ndani ya ile ovaroli iliyonizidi mikono.

Mwaka ule wa atachimenti, mafunzo ya kazini ya chuo, sitausimulia wote. Kiwandani nilikabidhiwa mashine ya mabamba, ile inayopasha maziwa joto ili kuua vijidudu: maziwa upande mmoja wa bamba jembamba la chuma, maji moto upande wa pili, mpaka maziwa yafike nyuzi 72 na kukaa hapo sekunde 15. Kwa laptopu ya kuazima nikaligawa kila bamba vipande vidogo vidogo, nikahesabu joto linalovuka kila kimoja. Programu ikasema nyuzi 74. Nikachapisha kwa rangi, pesa yangu mwenyewe.

Saa nne asubuhi mashine ilisoma 71, na vali ikawa inarudisha maziwa kwenye tangi kwa kuwa hayajafika 72. Nikatangaza kwamba kipimo kimeharibika. Fundi wetu, mzee wa maneno machache, hakubisha.

Mchana mashine ikazimwa. Kabla ya kupitisha soda ya kusafishia, Mzee alilegeza bolti moja baada ya nyingine, akasukuma fremu, mabamba yakaachana kama kurasa za daftari lililolowa. Mvuke ukatoka na harufu ileile ya jana. Mifereji iliyochongwa kama mifupa ya samaki, ile niliyoichora kwa wiki mbili, haikuonekana vizuri. Akanishika kidole, akakiburuza juu ya bamba. Kulikuwa na utando wa rangi ya malai, mkavu pembeni, ulionasa ukucha.

“Injinia, huu ukoko umeuweka kwenye kompyuta?”

“Hapana, Mzee.”

“Haya.” Akaenda kula.

Protini za maziwa zikipata joto la kama nyuzi 70 hubadilika, zikajibandika kwenye chuma pamoja na madini, na ukoko huo hauruhusu joto kupita vizuri. Maji hayana protini. Kitabuni nilikuwa nimeisoma sura hiyo, nikairuka kwenye hesabu kwa sababu ilinichelewesha.

Basi nikaongeza namba ya ukoko. Niliichezea, juu kidogo, chini kidogo, mpaka kompyuta nayo ikasema 71. Mwalimu alinipa alama nzuri sana, akaandika pembeni kwamba modeli yangu inakaribia uhalisia. Sikumwambia niliipataje.

Nilipofika kwenye protini, binti yangu alikuwa amelala kwenye kochi. Sufuria bado imelowekwa.