Mgonjwa wa sukari aulizwe, asigombezwe tu

Jamani hili limenikaa rohoni na leo nalitoa. Mwenye sukari au presha si kama mtu aliyekuja na malaria akapewa dawa akapona yakaisha, huyu ugonjwa anakula nao analala nao, daktari anamuona dakika chache baada ya miezi miwili mitatu na siku zote zilobaki ni yeye na vidonge vyake. Sasa hizo dakika zikienda zote kwa kugombezwa anarudi na nini nyumbani?

Shangazi yangu ana sukari na anakaa Faza, kisiwani Pate, kuja kliniki Amu (mji wa Lamu) ni boti. Anameza metformin, dawa ya sukari, nayo kwa watu wengine inaendesha tumbo, hasa mwanzoni, hilo linajulikana wala si ajabu. Sasa mwanamke mtu mzima na buibui lake, ndani ya boti limejaa watu na magunia, choo hakuna, tumbo likimshika afanyeje? Basi akawa siku mbili tatu kabla ya safari hamezi. Akifika anatobolewa kidole, sukari iko juu, daktari hata kichwa hainui kwenye faili, “Mama wewe halwa huachi, hutaki kupona,” anaandika dozi iongezwe. Dozi ya dawa ileile inayomuendesha! Na shangazi kimya, mtu wa haya, na kwetu mtu hajibizani na daktari.

Aliyekuja kugundua ni afisa wa kliniki mmoja kijana, alivuta kiti akakaa karibu yake, “Shikamoo bi mkubwa, hizi dawa zinakusumbua wapi?” halafu akanyamaza akasubiri. Ndo yakatoka yote, boti, tumbo, aibu. Akamwambia ameze katikati ya chakula, akambadilishia ile inayoyeyuka polepole ambayo tumbo linaivumilia zaidi, akamuandikia kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari wa kama miezi 3, si wa asubuhi ile tu. Kisha akasema haya nieleze wewe sasa, nyumbani utazimeza vipi? Alipokosea akamrekebisha taratibu.

Marekani mwaka 1984 watafiti Beckman na Frankel walikuta mgonjwa akianza kueleza shida yake daktari humkatiza kwa wastani baada ya sekunde 18. Sekunde 18 shangazi yangu bado yuko kwenye salamu.

Ramadhani ndo zaidi. Mtu anaambiwa “wewe usifunge” basi imeisha. Mama aliyefunga tangu utotoni unamwambia hivyo kwa neno moja? Atafunga na hatakwambia. Kaa naye mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, kama hali yake hairuhusu mueleze kwa nini, kama anaweza mpangie dawa za kufuturu na za daku, mwambie apime mchana maana masheikh wengi wanasema kutoboa kidole hakufunguzi, na kimashine kikisoma chini ya 3.9 au zaidi ya 16.6 (kwa kipimo cha mmol/L) afungue palepale asingoje adhana.

Foleni ni ndefu na madaktari wamechoka, hilo naliona kila nikimsindikiza. Lakini muulizeni mgonjwa kipi kinamshinda kabla hamjaongeza dozi, na tarehe ya kurudi pia muulizeni kabla ya kuiandika, kwa sababu mtu wa Faza au Kizingitini kufika asubuhi inategemea maji kujaa na kupwa, akichelewa si kwamba hajali afya yake.