Anko wa upande gani?

Jumapili nilikuwa kwa dada yangu Buruburu, nikimsaidia mpwa wangu wa miaka 8 na kazi ya shule. Alikuwa ameandika kwamba "uncle" ni kaka yake baba au kaka yake mama. Mwalimu kaweka tiki. Mama yangu, aliyekuwa akikatakata sukuma wiki pale mezani, akainua kichwa: "Wote kapu moja?"

Kwa mama, hao hawachanganywi hata kidogo. Kaka yake baba ni baba yako, mkubwa au mdogo kulingana na umri. Mjomba ni kaka yake mama, basi.

Nikamwambia neno "uncle" Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na asili yake ni Kilatini, avunculus: kaka yake mama peke yake! Kaka yake baba Warumi walimwita patruus. "Kumbe watu walikuwa na akili," akasema, akarudi kwenye mboga.

Hapa Nairobi limeshakuwa anko, na halina tena upande. Muuza viatu Gikomba ananiita anko ili nifungue pochi. Kondakta wa matatu ananiita anko akitaka nisogee dirishani. Nina miaka 34. Mara ya kwanza nilienda kujitazama mvi kwenye kioo, kusema kweli.

Mtoto akaniuliza, sasa mimi ni nani wake? Mjomba, nikamjibu. Akafikiri kidogo, akachukua penseli na kuandika: anko mjomba.