Mpwa wangu kanipa darasa barazani

Jana jioni nimejikalia barazani na mahamri yangu na mbaazi, mtoto wa dadangu akaja na daftari, "Mjomba, nani anatunga sheria?" Nikajibu haraka haraka, rais! Akacheka mpaka mbaazi ikanipalia. Akanambia la, rais na mawaziri wanatekeleza tu, hapa Kenya sheria inatungwa na bunge, nalo lina nyumba mbili, Bunge la Taifa na Seneti, alafu mahakama ndo inatafsiri. Haya, nikamuuliza basi ile taa ya mtaani iliyozima tumlilie nani maana mimi kila siku namtukana mbunge, kumbe taa ni kazi ya kaunti, yaani gavana na MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti), ndo ugatuzi huo wa katiba ya 2010 na kaunti zake 47 (sisi Mombasa ni nambari 001, hiyo nilikuwa najua 😂).

Lakini iliyonimaliza ni ya Kadhi. Miaka yote nadhani Kadhi anaamua lolote, kumbe kifungu cha 170 cha katiba kimempa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, tena wote muwe Waislamu na mkubali kuhukumiwa kwake. Deni langu na yule jamaa wa pikipiki nipeleke mahakama ya madai madogo, kule wanasikiza kesi isiyozidi shilingi milioni moja na yafaa iishe ndani ya siku 60.

Leo karudi na 18 kwa 20. Mbili alizokosa ni swali nililomsaidia mimi.