Vidonda vya mdomoni wakati wa kemotherapi: kilichonisaidia ni barafu, kwa muda wake

Natumia fluorourasili, dawa ya saratani inayoandikwa 5-FU kwenye chati, kwa sindano ya haraka mshipani. Siku chache baada ya kila dozi ulimi uliwaka, kisha vidonda vikatokea ndani ya mashavu. Hata kumeza mate ilikuwa kazi.

Dawa ya kusukutua yenye spiriti iliniunguza tu. Maji ya chumvi na magadi ya kuokea (baking soda) yalisafisha kinywa, na bado nayatumia, lakini vidonda havikukoma.

Muuguzi ndiye aliyenipa la barafu. Mara ya kwanza nilianza kuinyonya dozi ikiwa imeshaingia, sikuona tofauti. Safari iliyofuata akanianzishia dakika 5 kabla ya sindano, nikaendelea hadi nusu saa, nikiongeza vipande kila vilipoyeyuka na kuvizungusha hadi chini ya ulimi. Hapo ndipo penye siri: baridi hubana mishipa midogo ya damu, na dawa hii hupungua haraka mwilini, kwa hiyo kinywa kinatakiwa kiwe kimeshapoa inapofika. Meno yanakufa ganzi, ndiyo. Vidonda havijarudi.

Kwa wanaopewa dawa hiyo taratibu kwa pampu, barafu haisaidii hivyo. Na kama mchanganyiko wako una oksaliplatini, dawa nyingine ya saratani, usijaribu kabla ya kuuliza wanaokutibu, maana baridi huchochea ganzi na michomo ya kooni. Vidonda vikija na homa ya 38 au zaidi, piga simu hospitali saa hiyo hiyo.